Lumbesa na hesabu ya uwiano

Ndugu wasikilizaji, juma hili naomba tuzungumze juu ya somo la hisabati, na hasa mada ya uwiano ambayo wanafunzi wa madarasa ya juu ya shule ya msingi hufundishwa kabla ya mtihani wa mwisho. Najua wapo watakaotaka kuzima redio. Wavumilie kidogo, maana mada hii inahusu magunia ya viazi mviringo yanayopakiwa kwenye malori kando ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia, kuanzia Uyole, Mbeya, hadi Iringa, na inahusu fedha zinazobaki mfukoni mwa aliyelima viazi hivyo.

Tuanze jikoni. Mama hupika uji kwa vikombe 2 vya unga na vikombe 6 vya maji. Leo wamefika wageni, naye ametia vikombe 5 vya unga. Atie maji vikombe vingapi? Waulize watoto wa darasa la sita, na wengi watajibu: vikombe 9. Ukiwauliza sababu wanayo, tena wanaieleza kwa ujasiri. Unga umeongezeka vikombe 3, basi na maji nayo yaongezwe vikombe 3.

Jibu ni vikombe 15. Kila kikombe 1 cha unga kilikuwa na vikombe vyake 3 vya maji, na vikombe 5 vya unga vyote vinadai haki hiyo hiyo. Uji wa vikombe 9 hautanyweka. Umeshaelekea kuwa ugali.

Kosa hili la kujumlisha mahali pa kuzidisha si la watoto wa Nyanda za Juu Kusini peke yao. Wachunguzi wa elimu wameliona katika nchi nyingi. Mtaalamu wa Uswisi, Jean Piaget, aliyefariki mwaka 1980, aliiweka akili ya uwiano miongoni mwa zile zinazoanza kupevuka mtoto afikapo umri wa miaka 11 au 12. Huo ndio umri wa watoto tunaowazungumzia. Kwa hiyo mwalimu asishangae akikutana na kosa hilo, wala asilipige fimbo. Kazi yake ni kulitoa mahali lilipojificha.

Sasa twende Uyole. Lumbesa, kwa msikilizaji wa mbali asiyeijua, ni gunia lililojazwa hadi mdomoni, kisha likaongezewa juu kipande cha gunia jingine au wavu wa kamba, likashindiliwa na kushonwa mpaka likawa na kichwa kama mtu. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, pamoja na kanuni zake, haiitambui lumbesa. Kifungashio cha mazao ya shamba hakitakiwi kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, ndio unaosimamia jambo hilo. Viongozi wamekwisha kuipiga marufuku lumbesa mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, nami nimezisoma baadhi ya habari hizo kwa sauti yangu mwenyewe. Lakini katazo halimfundishi mkulima kiasi anachopoteza. Hesabu ya darasa la sita inamfundisha.

Tuseme bei ya gunia la kilo 100 ni shilingi 70,000. Kilo moja basi ni shilingi 700. Anakuja mnunuzi na gunia la lumbesa lenye kilo 140. Mkulima analalamika, mnunuzi anacheka na kusema: "Mzee, usijali, hapa nakuongezea elfu kumi." Mkulima anapokea shilingi 80,000, anaona amethaminiwa.

Angalieni vizuri hapo. Huyu mkulima amefanya kosa lile lile la mtoto wa uji. Viazi vimeongezeka, na bei nayo imeongezeka, basi ameona mambo yamekaa sawa. Angeuliza bei ya kilo moja, angegawanya 80,000 kwa 140 na kupata kama shilingi 571. Gunia lile kwa bei ya haki ni shilingi 98,000. Ameacha shilingi 18,000 kwenye gunia moja, na lori halibebi gunia moja.

Liko na njia ya pili, fupi zaidi, ambayo mtoto anaweza kumweleza babu yake bila karatasi. Kilo 140 kwa kilo 100 ni sawa na 7 kwa 5. Maana yake kila lumbesa 5 ni magunia 7 halali. Mkulima anayeuza lumbesa 5 kwa bei ya magunia 5 ametoa magunia 2 ya zawadi, naye amelima, amenunua mbolea na kulipa vibarua kwa yote 7.

Mwalimu mmoja mkoani Mbeya niliyepata kuzungumza naye hufundisha mada hii bila kuanza na kanuni. Kanuni ya kuandika herufi ubaoni na kuzidisha kimsalaba huileta mwishoni kabisa. Kwanza watoto huleta sado na mizani ya kuazima, hupima viazi, huchora jedwali la safu mbili: kilo huku, shilingi huku. Kisha huwauliza swali moja kabla ya hesabu yoyote: hiki kikiongezeka, kile kinafanyaje? Nadhani swali hilo lina thamani kuliko kurasa nyingi za mazoezi. Maana kuna mambo huenda kinyume. Watu 4 wakipalilia shamba kwa siku 6, watu 8 hawatatumia siku 12, ila siku 3. Mtoto aliyekariri kanuni tu huandika 12 na kupiga mstari chini yake.

Iringa nako mifano haihitaji kutafutwa. Pale Ilula kwa wakulima wa nyanya, chukulia lebo ya dawa inasema mililita 30 kwa bomba la lita 15. Bomba la nyumbani ni la lita 20. Anayejumlisha atatia mililita 35, dawa pungufu, na wadudu watabaki wakila. Anayejua uwiano atatia 40. Anayepima kwa kizibo huenda akatia 60, na nyanya hizo tutazila sisi.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye ardhi. Wengi wetu tunajua kwamba ekari ni hatua 70 kwa 70. Ni kipimo cha makisio, lakini kwa kuwa hatua ya mtu haifiki mita moja, hakiko mbali na ekari ya kweli ya mita za mraba 4,047. Sasa muulize mwanafunzi nusu ekari ni hatua ngapi. Atasema 35 kwa 35, na si yeye tu. Muulize na mtu mzima. Zidisheni: 70 kwa 70 ni 4,900, na 35 kwa 35 ni 1,225, ambayo ni robo. Ukikata nusu kila upande umekata nusu ya nusu. Nusu ekari ni hatua 70 kwa 35. Mnunuzi aliyelipa fedha za nusu ekari na kuonyeshwa vigingi vya 35 kwa 35 amenunua kila hatua ya mraba kwa bei mara mbili.

Wanafunzi mnaosikiliza, kabla mzee hajatia sahihi kwenye karatasi ya mauziano, ombeni mpewe nafasi ya kutembea mipaka mkihesabu hatua.