Vidole Viwili Kaunta

Msichana hakusema kitu. Aliingia kwenye famasi moja jirani na hosteli za wanafunzi, Dar es Salaam, akasubiri mzee aliyefuata dawa ya presha atoke, kisha akaweka noti juu ya kioo na kuinua vidole viwili. Akapewa P2, dawa ya dharura ya kuzuia mimba. Dakika haikuisha ameshatoka, karatasi ya maelezo ameiacha hapohapo. Baadaye akaingia mvulana, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi. Naye vidole viwili.

Nilishindwa kuondoka. Nikamwomba mhudumu, mama mtaratibu aliyezeekea kwenye kazi hiyo, anieleze. Anasema Jumatatu ndiyo siku yao. Wengi wamesikia habari ya saa 72. Wachache wanajua kwamba kadiri mtu anavyochelewa ndivyo dawa inavyopungua nguvu, au kwamba kazi yake ni kuchelewesha yai kutoka, hivyo yai likishatoka imechelewa. Tendo la kesho haikingi, seuze Virusi vya UKIMWI.

Mbona basi hawaendi kituo cha afya cha serikali, ambako vijiti na sindano za uzazi wa mpango ni bure? Mama akanishika mkono, akapitisha kidole upande wa ndani, juu ya kiwiko. "Kijiti kinakaa hapa," akasema. "Kinapapasika."

Anayeweza kukipapasa ni mpenzi, au mama mzazi. Sindano nayo huvuruga hedhi, wakati mwingine huikatisha kabisa, na binti anayelala chumba kimoja na dada zake atawaambia nini mwezi ukipita? Kadi ya kliniki hukutwa mkobani. Kidonge humezwa, pakiti ikatupwa njiani, yakaisha.

Kisha kuna hofu ya ugumba. Ni kweli kwamba baada ya kuacha sindano uzazi huweza kukawia miezi kadhaa kurudi. Mitaani, kukawia huko kumegeuzwa kuwa utasa. Na wapo waliokwenda kliniki, swali la kwanza likawa: umeolewa? Hawakurudi tena, na siwezi kuwalaumu.

Mama huyu humnong'oneza kila binti: mwanangu, njoo asubuhi duka likiwa tupu, tuongee. Baadhi huja. Mvulana hajaja hata mmoja. Yeye hulipa na kuondoka, na atakayemeza ni mwingine, asiyekuwapo kusikia maelezo. Huko anaambiwa nini?