Seremala Aliyewatafutia Mabaharia Njia

Usiku mmoja wa mwezi wa Oktoba, mwaka wa 1707, manowari za Kiingereza zilikuwa zikirudi kwao kutoka bahari ya Mediterania chini ya amri ya Sir Cloudesley Shovell. Maofisa walidhani wako penye maji mengi na salama. Kumbe miamba ya visiwa vya Scilly ilikuwa mbele yao. Manowari nne zilipotea usiku ule, na watu zaidi ya elfu moja wakafa maji, na mkuu wao pamoja nao.

Watu hao hawakuwa mabaharia wajinga. Siku zile nahodha ye yote aliweza kupima urefu wa jua au wa nyota akajua yuko kaskazini au kusini kiasi gani. Lakini kujua yuko mashariki au magharibi kiasi gani, yaani longitudo yake, hakuweza. Alikisia tu kwa mwendo wa chombo chake.

Msomaji apate kufahamu, na atazame Kenya yetu. Jua huchomoza Mombasa kwanza, na Kisumu huchelewa kiasi cha dakika 20. Dunia huzunguka digrii 15 kila saa, yaani digrii moja kwa dakika nne, na miji hiyo miwili imeachana kwa digrii kama tano. Basi mtu akiondoka Mombasa na saa inayoshika majira ya jua la Mombasa, akafika Kisumu akaona jua limefika utosini hali saa yake yasema saa sita na dakika 20, atajua amekwenda magharibi umbali gani bila kuuliza mtu. Jambo ni rahisi, ila lataka saa isiyodanganya. Mwendo wa saa nzuri za siku zile uliongozwa na chuma kinachoning'inia na kubembea, na chomboni, mawimbi yakipiga, chuma hicho hakikuwa na maana yo yote.

Mwaka wa 1714 Bunge la Uingereza lilitangaza zawadi ya pauni 20,000, mali nyingi mno wakati ule, kwa mtu atakayeonyesha njia ya kupata longitudo bila kukosea zaidi ya nusu digrii katika safari ya kwenda visiwa vya West Indies. Kwa saa, maana yake ni kutokosea hata sekunde tatu kwa siku, kwa muda wa majuma sita, katika joto na baridi na chumvi. Sir Isaac Newton mwenyewe aliliambia Bunge kwamba saa ya namna hiyo haijapata kutengenezwa.

Aliyeitengeneza hakutoka katika vyuo vikuu. John Harrison alizaliwa Yorkshire mwaka wa 1693, mwana wa seremala, naye akawa seremala. Elimu ya saa alijifundisha mwenyewe. Saa zake za kwanza zilikuwa na magurudumu ya mbao, na baadhi ya sehemu zake alizichonga katika mti mgumu wenye mafuta ndani yake, hata zisihitaji kutiwa mafuta. Saa yake ya kwanza ya baharini aliimaliza mwaka wa 1735. Ilikuwa mzigo wa ratili 75. Akaunda ya pili, kisha ya tatu, ambayo peke yake ilimla miaka 19. Halafu akafanya jambo ambalo wachache wangethubutu baada ya kazi ya miaka mingi hivyo: aliiacha njia yake ya zamani, akaunda saa ndogo mfano wa saa ya mfukoni, upana wake sentimita 13 tu.

Mwaka wa 1761 mwanawe William aliichukua saa hiyo safarini kwenda Jamaica. Njiani pombe ya mabaharia iliharibika, nao wakawa wanakitamani kisiwa cha Madeira. Nahodha alikuwa na hesabu yake, William na saa yake, na hesabu hizo hazikupatana. William akashikilia kwamba kisiwa kitaonekana kesho. Asubuhi kikaonekana. Walipofika Jamaica, saa ilikuwa imepoteza sekunde tano tu.

Mtu angedhani zawadi ililipwa siku ile. La! Halmashauri ilisema huenda ni bahati, ikataka safari nyingine. Saa ikashinda tena, safari ya Barbados mwaka wa 1764. Mmoja wa wajumbe sasa alikuwa Nevil Maskelyne, mtaalamu wa nyota aliyetetea njia ya kuupima mwezi, na mtu akiwa mshindani na mwamuzi pamoja, hukumu yake haiwezi kupendeza. Hata hivyo wajumbe walikuwa na hoja moja ya haki: saa moja ya fundi mmoja haiokoi merikebu zote, sharti mafundi wengine waweze kuiiga. Harrison alilazimishwa kuifungua mbele ya mashahidi, ndipo akapewa nusu ya zawadi. Nusu ya pili ikakwama.

Mzee alikuwa karibu na miaka 80 shauri lake lilipomfikia Mfalme George wa Tatu, ambaye aliijaribu saa yake ya tano mwenyewe katika mwaka wa 1772. Mwaka uliofuata Bunge lilimpa Harrison pauni 8,750. Zawadi yenyewe, kwa jina lake, haikutolewa kwa mtu ye yote. Katika miaka hiyo hiyo Captain Cook alikuwa akisafiri bahari za kusini na saa iliyoigwa na fundi Larcum Kendall, naye akarudi mwaka wa 1775 akiisifu sana. Harrison alifariki mwezi wa Machi mwaka wa 1776.

Saa zake nne za kwanza za baharini zimewekwa Greenwich, London. Tatu za kwanza zinakwenda mpaka leo. Ile ndogo iliyokwenda Jamaica imesimamishwa makusudi, kwa kuwa yenyewe huhitaji mafuta, na wanaoitunza hawataki ichakae.