Kilo 40 za Hewa Katika Mfuko wa Kilo 50

Miamba ya mgodi wa Buzwagi, Kahama, imebeba dhahabu, lakini haikubeba mawe ya chokaa ya kulisha tanuri la saruji. Ukanda unaopita Kahama na Geita hadi kusini mwa Ziwa Victoria uliumbika zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, kabla bahari hazijapata konokono na matumbawe ambao magamba yao yangelala chini yakageuka mawe. Kwa hiyo mgodi ukijengwa, au fundi wa Kahama akisimamisha nyumba ya vyumba vitatu, saruji inatoka mbali: Wazo Hill jijini Dar es Salaam, Tanga, Mtwara, au Songwe karibu na Mbeya, ambako chemchemi za maji moto zenyewe ndizo zilizoacha chokaa.

Umbali huo ndio unaowajia watu wengi kwanza wanaposikia habari za hewa ukaa, yaani kaboni dioksidi. Wanaliona lori, wanauona moshi wake mweusi likipanda mlima wa Sekenke, na wanadhani dhambi yote iko pale. Hesabu inasema vingine. Lori kubwa hutoa takriban gramu 60 hadi 100 za kaboni dioksidi kwa kila tani inayosafirishwa kilometa moja. Kutoka Dar es Salaam hadi Kahama ni karibu kilometa 1,000, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 hufika dukani ukiwa na mzigo wa kilo 3 hadi 5 za hewa ukaa ya barabarani. Tanuri lilikwisha kuubebesha mfuko huohuo kilo 30 au 40 kabla haujapakiwa.

Zinatoka wapi kilo hizo? Jibu lake wapwani walikuwa nalo mikononi karne nyingi kabla ya kiwanda chochote. Wajenzi wa Kilwa walipanga magogo, wakarundika matumbawe juu yake, wakawasha moto, wakapata chokaa ya kujengea misikiti na majumba. Jiwe la chokaa likipata joto kali huachia hewa iliyofungwa ndani yake. Katika kilo 100 za jiwe safi hubaki kilo 56 za chokaa. Kilo 44 huondoka zikiwa kaboni dioksidi. Chokaa ya Kilwa ilikauka kwa kuinyonya tena hewa hiyo polepole, ukutani. Saruji ya leo hushika kwa maji, na ingawa zege nalo hunyonya kidogo kadiri miaka inavyopita, halirudishi deni lote.

Kiwandani jiwe la chokaa husagwa pamoja na udongo, kisha huchomwa hadi nyuzi 1,450 za Selsiasi. Kinachotoka ni gololi za kijivu ziitwazo klinka, ambazo husagwa na jasi kidogo na kuwa saruji. Kila tani ya klinka huacha angani karibu kilo 850 za kaboni dioksidi. Takriban asilimia 60 ya hizo hutoka ndani ya jiwe lenyewe, na zinazobaki hutoka kwenye nishati ya tanuri, iwe makaa ya mawe, gesi au pumba.

Mgawanyo huo ndio ufunguo wa suala hili. Tanzania imekwishapiga hatua upande wa nishati: gesi ya Songo Songo imekuwa ikifika Wazo Hill tangu 2004, na kiwanda cha Dangote cha Mtwara, kilichofunguliwa 2015, nacho kilianza baadaye kutumia gesi. Kiwanda cha saruji cha Hima, Kasese, Uganda, kimechoma maganda ya kahawa. Yote ni mazuri, ila hakuna nishati, hata iwe safi namna gani, inayoweza kulizuia jiwe lisitoe kilichomo ndani yake.

Njia moja ni kuikamata hewa hiyo bombani. Mwaka 2025 kampuni ya Heidelberg Materials, ambayo ndiyo mama wa saruji ya Twiga ya Wazo Hill, ilizindua mtambo wa aina hiyo Brevik, Norwei, wenye uwezo wa kukamata tani 400,000 kwa mwaka na kuzipeleka zikazikwe chini ya bahari. Ni kazi kubwa ya uhandisi, tena iliyobebwa na fedha nyingi za serikali ya Norwei. Kuingoja Tanga au Songwe ni kungoja sana.

Njia iliyo karibu imeandikwa kwenye mfuko. Tanzania hufuata viwango vya saruji vilivyotoka Ulaya, na maandishi madogo ambayo wanunuzi wengi huyaruka yanaeleza kila kitu. CEM I ina klinka asilimia 95 au zaidi: kilo 40 za hewa ukaa kwa mfuko. CEM II/B huruhusu vitu vingine kuchukua nafasi ya klinka hadi asilimia 35, na mfuko unashuka kwenye kilo 30 hivi. CEM IV inaweza kwenda chini zaidi, kwa kutumia majivu ya volkano. Tanzania haina uhaba wa volkano. Rungwe na Kilimanjaro ziliacha majivu ya kutosha.

Kuna pia udongo mweupe wa kaolini. Ukichomwa kwa nyuzi 700 hadi 850 tu, ukachanganywa na unga wa jiwe la chokaa lisilochomwa, hufanya kazi ya nusu ya klinka. Mchanganyiko huu uliendelezwa na watafiti wa Uswisi, Kuba na India, akiwamo Karen Scrivener wa chuo cha EPFL, na hupunguza hewa ukaa kwa hadi asilimia 40. Vilima vya Pugu, kando ya Dar es Salaam, vimejaa kaolini.

Kahama yenyewe ina kitu chake: pumba za mpunga. Tani moja ya mpunga hutoa takriban kilo 200 za pumba, na pumba hizo zikiungua hubaki karibu kilo 40 za majivu yenye silika nyingi. Zikichomwa kwa utaratibu, joto lisivuke nyuzi 700 hivi, majivu yake hushikana na chokaa ya saruji na kuliimarisha zege. Zikiachwa kuungua ovyo kwenye rundo nyuma ya mashine ya kukoboa, ubora wake hautabiriki, na hakuna mhandisi atakayeweka sahihi yake juu yake. Kinachohitajika hapo ni tanuri dogo linalodhibitiwa na maabara ya kupima.

Migodi nayo ni wateja wakubwa. Bulyanhulu, mgodi wa chini ya ardhi, huchanganya mabaki ya mawe yaliyosagwa na saruji, kisha husukuma uji huo mzito kujaza mapango yaliyokwisha chimbwa. Saruji ni asilimia chache tu za uji, lakini mapango ni makubwa. Kujaza huku hakudai nguvu ya ghorofa, kwa hiyo ndiko mahali pa kwanza ambapo saruji yenye klinka kidogo ingefaa. Buzwagi, mgodi wa shimo la wazi ulioanza uzalishaji 2009 na sasa umefungwa, una somo tofauti: eneo lake limepangwa kuwa ukanda maalumu wa kiuchumi, na kila ofisi au karakana ya zamani inayopata mpangaji mpya huokoa zege ambalo lingemwagwa upya.

Upotevu mwingine uko kwenye karai. Mfuko mmoja unahitaji takriban lita 25 za maji kwa zege la nguvu. Kibarua akiongeza hadi lita 35 ili koleo liteleze, nguvu hupungua kwa thuluthi au zaidi, na mwenye nyumba hufidia kwa kununua mifuko mingine. Jamvi la zege lisilomwagiliwa siku saba hupasuka vilevile. Kwenye kiangazi cha Shinyanga, Juni hadi Septemba, kumwagilia ndiko kunakokatwa kwanza, hata mahali ambapo bomba la mamlaka ya maji ya KASHWASA limeshaleta maji ya Ziwa Victoria. Mafundi wenye uzoefu hufunika zege kwa mifuko mitupu ya saruji iliyoloweshwa, na ndoo mbili asubuhi na mbili jioni zinatosha chumba kimoja.