Safari ndefu na watoto: Kiti kizuri hakisubiriwi kaunta

Ni alasiri kwenye uwanja wa ndege wa Dar es Salaam. Mama ana kichanga cha miezi minane mgongoni na mtoto wa miaka minne mkononi. Nyuma yake yuko mama mkwe wake, bibi wa miaka 68, amekumbatia mkoba wenye dawa za presha. Wanakwenda Toronto, Canada, kwa baba wa watoto aliyetangulia kikazi mwaka jana. Kichanga hicho baba yake hajawahi kukipakata.

Nauli imechangwa kwa zaidi ya mwaka. Wamefika mapema na mizigo imepimwa, haijazidi. Kisha mhudumu wa kaunta anatazama kompyuta yake na kusema: “Mama, viti vilivyobaki vimetawanyika.” Mama amepangiwa safu ya 24, mtoto wa miaka minne safu ya 31, bibi safu ya 38, katikati ya abiria wawili. Kitanda cha kichanga hakipo. Kama wanataka kukaa vizuri, daraja la biashara lina nafasi, kwa dola.

Mzazi yeyote aliyewahi kusafirisha familia anaijua hali hiyo, au anaiogopa. Wengi huona ni bahati mbaya. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya mambo hayo huamuliwa wiki nyingi kabla, na mengi hayahitaji fedha za ziada, isipokuwa simu moja au mbili zinazopigwa kwa wakati.

Siku ya kununua tiketi

Kwa kawaida tiketi ya bei nafuu humpa abiria haki ya kusafiri, haimpi kiti fulani. Wenye kadi za uanachama na waliolipia viti huchagua kwanza. Wengine huchagua pale usajili wa mtandaoni unapofunguliwa, kwa mashirika mengi kati ya saa 48 na 24 kabla ya ndege kuruka. Familia inayosubiri kaunta hupewa makombo.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha familia nzima iko kwenye namba moja ya buking. Bibi akikatiwa tiketi na wakala mmoja na mama na mwingine, kompyuta ya shirika haijui kwamba ni watu wa nyumba moja. Kama tiketi zimeshanunuliwa mbalimbali, lipigiwe shirika liziunganishe.

Pili ni umri wa mtoto. Mtoto aliye chini ya miaka miwili husafiri kwenye mapaja ya mzazi, na katika safari za kimataifa mara nyingi hulipiwa kama asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Akitimiza miaka miwili kabla ya siku ya kurudi, safari ya kurudi atahitaji kiti chake. Wazazi wengi hugundua hilo wakiwa wameshakata tiketi.

Tatu ni kitanda cha kichanga. Vitanda hivyo hupachikwa kwenye ukuta ulio mbele ya safu chache tu, na ndege nzima huwa navyo vya kuhesabu. Mashirika mengi huweka kikomo cha uzito cha kilo 10 au 11 hivi. Huombwa kwa simu au kwa wakala mara tu tiketi inapotoka, na mzazi asiridhike mpaka ombi lionekane limethibitishwa kwenye buking.

Nne ni muda wa kubadili ndege. Saa moja inamtosha kijana mwenye begi la mgongoni. Haimtoshi bibi mwenye magoti na mtoto anayetaka chooni kila baada ya nusu saa. Saa mbili hadi tatu ni afadhali. Vipande vyote viwe kwenye tiketi moja, ili ndege ya kwanza ikichelewa na ya pili ikaondoka, shirika liwatafutie nyingine. Kwa tiketi mbili tofauti, hasara huwa ya familia.

Pia baadhi ya nchi hudai viza ya kupita hata kwa abiria asiyetoka nje ya uwanja. Iulizwe kabla ya kulipa, kwa uraia wa kila mmoja, kwa sababu ndani ya familia moja pasipoti zinaweza kutofautiana.

Kupandishwa daraja: hali halisi

Kuna imani kwamba ukivaa vizuri na kuongea kwa upole utapandishwa daraja la biashara bure. Hutokea kwa nadra. Kwa kawaida ni pale daraja la kawaida linapouzwa kupita viti vilivyopo, na hapo shirika huanza na wateja wake wa mara kwa mara. Familia ya watu wanne ndiyo ngumu zaidi kupandishwa, kwa sababu inahitaji viti kadhaa kwa pamoja.

Njia zinazotegemeka ni tatu. Ya kwanza ni kulipia daraja la juu tangu mwanzo. Ya pili ni kutumia maili za uanachama. Ya tatu ni zabuni: shirika humwandikia abiria barua pepe kumuuliza yuko tayari kuongeza kiasi gani. Anataja bei yake, na ikikubaliwa kadi yake ya benki inakatwa.

Kabla ya kutaja bei, ijulikane kwamba zabuni huhesabiwa kwa kila mtu na kwa kila kipande cha safari. Kiasi kinachoonekana kidogo kwenye simu kinaweza kuwa mara nne. Tena tiketi za bei ya chini kabisa mara nyingi haziruhusiwi kupandishwa kwa maili, hivyo swali hilo liulizwe kabla ya kununua. Kujiandikisha uanachama hakulipiwi kwa mashirika mengi, watoto nao huandikishwa, na baadhi huruhusu familia kuchangia maili kwenye mfuko mmoja. Safari moja ya Canada kwenda na kurudi si haba.

Swali gumu zaidi ni hili: kama fedha zinatosha kiti kimoja tu cha daraja la juu, akae nani? Jibu la moyoni ni bibi. Lakini bibi ambaye hajawahi kupanda ndege, ambaye hajui Kiingereza, atakaa peke yake mbele kwa zaidi ya saa 10, huku mama akibaki nyuma na watoto wawili bila wa kumpokea kichanga hata aende msalani. Kwa familia ya namna hiyo, fedha hizo zinaweza kufanya kazi kubwa zaidi zikilipia viti vitatu vya pamoja, bibi akiwa upande wa njia. Bibi aliyezoea safari, au binti anayeweza kumudu watoto peke yake, hesabu yao ni nyingine.

Viti vya mlango wa dharura, ambavyo vina nafasi kubwa ya miguu, havimfai yeyote katika kundi hili. Watoto, wajawazito na wanaohitaji msaada hawaruhusiwi kukaa hapo.

Miguu ya bibi

Kiti si suala la starehe tu. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa matokeo ya utafiti ulioonyesha kwamba safari ya saa nne au zaidi mtu akiwa amekaa bila kujongea huongeza takriban mara mbili uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa. Kwa mtu mwenye afya hatari bado ni ndogo, kama mtu mmoja kati ya 6,000. Huongezeka kwa aliyewahi kupata tatizo hilo, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mjamzito, mwenye uzito mkubwa au anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango.

Kwa hiyo kiti cha njiani kwa mzee ni sehemu ya matunzo yake. Anayekaa katikati huona haya kuwaamsha wenzake, hanywi maji ili asiende msalani, na hainuki. Ajongee kila baada ya saa moja au mbili, achezeshe vifundo vya miguu akiwa amekaa, na amwone daktari kabla ya safari. Soksi za kubana zivaliwe kwa ushauri wake. Dawa zote zikae kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake, pamoja na cheti cha daktari.

Kiti mwendo cha uwanjani hutolewa bure na kwa kawaida huombwa saa 48 kabla. Wazee wengi hukikataa wakidhani ni cha wagonjwa. Waelezwe kwamba anayekisukuma anaijua njia ya kwenda ndege ya pili.

Kama bado wametenganishwa

Usajili wa mtandaoni ukifunguliwa, mtu mmoja awe macho na simu. Viti vikitengana, lipigiwe shirika siku hiyo hiyo. Ikishindikana, iombwe tena kaunta, kisha kwenye lango la kupandia. Ndani ya ndege, anayeombwa kubadilishana apewe kiti kilicho sawa na chake au bora zaidi. Si haki kumwomba mtu wa dirishani ahamie katikati.

Kwa familia ile ya Dar es Salaam, kijana mmoja wa safu ya 24 alikubali kuhamia 31, na mtoto akakaa na mama yake. Bibi alibaki katikati ya safu ya 38. Toronto alishuka viatu mkononi, miguu imevimba, akicheka na kulia kwa pamoja alipomwona mwanawe akikipokea kichanga.

Miezi mitatu baadaye, wiki mbili kabla ya kurudi, mwanawe alipiga simu. Haikuchukua nusu saa. Viti vitatu vya safu moja vilipatikana, bibi upande wa njia, kiti mwendo kikaandikwa. Kitanda pekee ndicho kilichokosekana, kwa kuwa mtoto alikuwa ameshapita uzito unaoruhusiwa.