Kijana Aliyezidisha 749 kwa 867

Sogeeni karibu, wanangu, niwasimulie habari za kijana wa Uingereza aliyeitwa Percy. Hii si ngano. Percy aliishi kweli, na habari zake zilichapishwa katika jarida la madaktari wa Uingereza tarehe 7 Novemba 1896. Aliyeziandika alikuwa daktari wa Seaford, mji wa pwani kusini mwa nchi hiyo, jina lake W. Pringle Morgan.

Percy alikuwa na umri wa miaka 14, kijana mchangamfu, mwepesi michezoni, hana alichopungukiwa mbele ya wenzake. Lakini tangu akiwa na miaka 7 walimu walikuwa wakihangaika kumfundisha kusoma, na kusoma kukagoma. Hata neno la silabi moja alilivuta kwa taabu, herufi baada ya herufi. Daktari alipomwambia aandike jina lake, aliandika Precy. Akalitazama asione kosa, mpaka akaonyeshwa zaidi ya mara moja.

Kisha daktari akampa hesabu: zidisha 749 kwa 867. Chukueni karatasi na nyinyi mjaribu, nawasubiri. Percy aliimaliza upesi na akapata. Mliopata 649,383 na nyinyi mmepata. Tarakimu hazikumsumbua, hata zilizofika mamilioni. Alisema anapenda hesabu, ila maneno yaliyoandikwa hayana maana yoyote kwake.

Wengi wanaosimulia habari hii humsifu daktari. Mimi moyo wangu uko kwa mwalimu wa Percy. Alikuwa amemfundisha kwa miaka kadhaa, na neno lake limo katika taarifa ile: kwamba laiti masomo yote yangetolewa kwa mdomo, Percy angekuwa hodari kuliko wavulana wote wa shule. Fikirini ni mwaka gani huo. Kumwita mtoto kama yule mvivu, au mjinga, kulikuwa rahisi mno. Mwalimu yule alimtazama vizuri, akaona anashindwa nini na anaweza nini, akayasema yote mawili mbele ya mtu aliyeweza kuyafikisha mbali. Kumtetea mtoto huanzia hapo.

Hali aliyokuwa nayo Percy siku hizi tunaiita disleksia. Madaktari wa kwanza walidhani shida iko katika kukumbuka sura za maneno. Mmoja wao, James Hinshelwood wa Glasgow, alikuwa daktari wa macho. Ilichukua miaka mingi watafiti kugeukia masikio na sauti. Katika miaka ya 1970, huko Marekani, Isabelle Liberman na wenzake waliwapa watoto wadogo vijiti vya kugongea meza, wakacheza nao mchezo ambao tunaweza kuucheza hapa hapa.

Semeni "kiboko", mgonge mara moja kwa kila silabi. Ki-bo-ko. Mara tatu, huenda hata mdogo wenu wa chekechea akaweza. Sasa gongeni mara moja kwa kila sauti: k, i, b, o, k, o. Mara sita, na hapo mkono unasita kidogo, sivyo? Liberman aliona hivyohivyo. Karibu nusu ya watoto ambao hawajaanza kusoma waliweza kugonga silabi, lakini zilipokuja sauti mojamoja walio wengi wakapotea. Sauti za neno zimeshikana kama unga na maji katika ugali ulioiva. Huwezi kuonyesha kwa kidole unga uko wapi na maji yako wapi. Kusoma kunautaka ubongo uzitenganishe, uipe kila sauti herufi yake, kisha uziunganishe tena, yote hayo kwa kufumba na kufumbua. Wengi wenye disleksia hukwama hapo. Macho yao mazima, akili zao nzima. Na mara nyingi hali hii hutembea katika ukoo, kwa hiyo mtoto akigundulika, huenda baba naye akaelewa kwa nini aliichukia shule.

Sisi tunaosoma Kiswahili tuna bahati yetu, na bahati hiyo ina mtego ndani yake. Ukishashika ba, be, bi, bo, bu, karibu kila neno utalitamka. Waitaliano nao maandishi yao yananyooka namna hiyo. Mwaka 2001 ulitangazwa utafiti uliowapima Waitaliano, Wafaransa na Waingereza wenye disleksia. Waitaliano walikosea kidogo kuliko wenzao, lakini katika ubongo, sehemu ileile ya upande wa kushoto ilifanya kazi kwa unyonge kwa wote. Kwa hiyo hata mtoto wa Tanzania anaweza kuwa na disleksia na bado akasoma, ila polepole mno. "Ng'ombe" inamtoa jasho, "mbwa" anaiandika bila w, na wakubwa wanasema atazoea. Anasogea hivyo darasa hadi darasa. Akifika kidato cha kwanza, masomo karibu yote yanageuka Kiingereza, lugha ambayo though, cough na through yanamalizika kwa herufi zilezile na kila moja linatamkwa kivyake. Hapo ndipo darasa linaanza kumwita kilaza. Kibaya zaidi, naye anaanza kuamini.

Mfikirieni sasa mama mwenye mtoto kama huyo, yuko darasa la tatu. Ameshampeleka hospitali kupimwa macho na masikio, maana mtoto asiyeona ubao au asiyesikia vizuri naye hushindwa kusoma, na huyo tiba yake ni nyingine. Vyote vizima. Jioni, mtoto akikaa mezani na kazi za shule, mama anakaa pembeni na daftari lake, anaandika anachokiona. Siku moja anafunga safari ya shuleni.

"Habari za kazi, mwalimu?"

"Salama tu, mama. Karibu kiti. Huyu kijana wako hataki kusoma kabisa. Nina watoto themanini humu ndani, siwezi kumsubiri yeye."

Mama hagombi. Mwalimu mwenye watoto themanini amechoka kweli, na mama anaiona chaki iliyomjaa mpaka kwenye kola. Anafungua daftari.

"Jumanne nilimsomea maswali kumi ya sayansi, akajibu manane kwa mdomo. Jumatano nikampa kumi mengine asome mwenyewe. Namwita kula, yuko swali la tatu. Hayo matatu kayapata yote."

Mwalimu analivuta daftari kwake. "Sayansi hii tunayosoma sasa?"

"Hiihii, mwalimu."

Mama angesema tu kwamba mwanawe ana akili, mwalimu angejibu kwamba kila mzazi husema hivyo. Maswali manane kati ya kumi hayajibiki kirahisi namna hiyo. Sasa anaweza kuomba anachokitaka. Mtoto asishtukizwe kusimama na kusoma mbele ya wenzake. Kwenye majaribio asomewe maswali au aongezewe muda. Na afundishwe kusoma kwa kutumia sauti na mkono kwa pamoja: aichore herufi mchangani kwa kidole huku akiitamka, sauti moja mpaka ikae, ndipo ije nyingine. Njia ya namna hii ilipangwa Marekani na daktari Samuel Orton na mwalimu Anna Gillingham, ambaye kitabu chake cha kufundishia kilitoka miaka ya 1930. Haidai mashine yoyote, na uwanja wa shule haukosi mchanga.

Najua kuna mmoja wenu anajiuliza kama huo si upendeleo. Ni swali la haki. Jaribio la sayansi linataka kujua kama unafahamu mmea unavyojitengenezea chakula. Mtoto anayefahamu hilo vizuri akapata sifuri kwa sababu muda uliisha hajafika mwisho wa swali, jaribio limempima kitu kingine kabisa.

Kuna mambo ambayo mama mmoja na mwalimu mmoja hawayawezi, kama taratibu za mitihani ya nchi nzima. Mwaka 2011, katika jimbo la New Jersey huko Marekani, wazazi wachache wa watoto wenye disleksia walianzisha kundi wakaliita Decoding Dyslexia. Walikwenda na watoto wao kwa watunga sheria, wakaeleza nini kinatokea darasani. Baada ya miaka michache New Jersey ilikuwa na sheria ya kuwachunguza mapema watoto wanaoonyesha dalili, na makundi kama lile yalikuwa yamezuka katika majimbo mengine mengi. Waliyoyasema mbele ya wakubwa hao ni ya aina ileile iliyomo katika daftari la mama wetu.

Naye kazi yake haijaisha. Kila Januari huja mwalimu mpya, na maelezo huanza upya. Mwaka huu ameamua kuandika barua ya ukurasa mmoja, na mtoto amekaa naye mezani, kwa kuwa barua inamhusu yeye. Mama anaandika anachoshindwa, anachoweza, na mambo yanayomsaidia. Anapouliza kama kuna jambo limesahaulika, mtoto anasema lipo: ubao hufutwa kabla hajamaliza kunakili, na rafiki anayemwazima daftari amehama shule. Mama hakuwa akilijua hilo. Anaongeza mstari mwingine chini ya barua, kisha anaisoma yote kwa sauti, polepole, ili mwenyewe aseme kama iko sawa.