Mwambie mhandisi mzigo wa ghorofa yako

MHANDISI akikuuliza utaweka nini katika ghorofa ya tatu, usidhani anakupeleleza. Jibu lako ndilo litakalompa kipimo cha chuma.

Katika sakafu zinazounganisha boriti za chuma na zege, mzigo huhesabiwa mara mbili. Kwanza, zege likiwa bichi. Hapo halina nguvu, ni uzito mtupu. Zege la unene wa sentimita 10 lina kilo 240 hivi kwa kila mita mraba, na chuma huubeba uzito huo peke yake, pamoja na mafundi na wilbaro zao. Pili, likishakauka. Sasa zege na chuma vimeshikana, vinabeba watu, kuta na samani kama kitu kimoja.

Kanuni za Marekani, ambako boriti hizi hutumika sana, hutaka sakafu ya nyumba ihimili takriban kilo 195 za watu na vitu kwa mita mraba, ofisi 245, na chumba cha rafu za maktaba zaidi ya 700. Je, ukigeuza ofisi kuwa ghala la vitabu?

Jijini Seoul, Korea Kusini, duka kubwa la Sampoong liliporomoka Juni 29, 1995, na kuua watu 502. Lilikuwa la zege na nondo, si la boriti hizi, lakini miongoni mwa makosa yake ni mikahawa na mitambo mizito iliyoongezwa juu baadaye.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga. Boriti haijui usufi. Taja kila tangi na kila kabati kabla chuma hakijanunuliwa.