Kabla Ushike Usukani wa Trela Majuu, Kuna Maswali Yanakungoja

Fungua simu saa hii, pitisha kidole dakika tano tu, na lazima utapatana na Mkenya amejirekodi ndani ya trela huko Texas ama Minnesota. Miwani iko, kofia iko, barabara imenyooka kama rula, na anabonga vile wiki moja ya job inalipa. Chini ya video watu wamejaa wakiomba koneksheni.

Kitu hizo video hazionyeshangi ni siku ile huyo dere alikaa mbele ya kompyuta kwa ofisi ya leseni, bila miwani, bila muziki, akijibu maswali ya breki. Bila hiyo siku hakuna trela. Na hapo hata msee mwenye amepiga Mombasa hadi Malaba miaka kumi anaweza kuangushwa. Si juu hajui kuendesha. Ni juu alikremu majibu badala ya kushika vile gari yenyewe inafanya kazi.

Leseni inaitwa CDL. Iko na madaraja A, B na C, na yenye kila mtu anatafuta ni A, yaani kichwa na trela, jumla ya uzito kuanzia pauni 26,001 (hapo ni karibu tani 12), trela ikiwa imepita pauni 10,000. Leseni yako ya Kenya, hata kama ni ya malori, haibadilishwi kuwa CDL. Unaanza chini. Daktari aliyesajiliwa anakupima macho, masikio na presha. Unafanya mtihani wa maandishi, unapewa kibali cha kujifunza kinaitwa CLP, na unakaa nacho angalau siku 14. Halafu lazima upitie shule iliyosajiliwa na serikali ya kitaifa, sheria iliyoanza 7 Februari 2022, ndio upelekwe barabarani kupimwa. Umri ni miaka 18 kama utazunguka ndani ya jimbo moja, 21 kama utavuka mpaka wa jimbo.

Mtihani wa maandishi nao si mmoja. Mtu wa trela anafanya tatu: maarifa ya jumla, breki za hewa, na magari ya kuunganishwa. Majimbo mengi huuliza maswali 50, 25 na 20. Pasi ni asilimia 80, na hiyo ni nchi nzima, haijalishi uko Georgia ama Washington. Kwa hivyo 40 kwa 50, 20 kwa 25, 16 kwa 20. Ukiamua kuruka ile ya breki za hewa, leseni yako inawekwa herufi L ya kukuzuia kuendesha gari la breki za hewa, na matrela karibu yote hutumia hizo. Utakuwa na kadi safi ya kupigia picha tu.

Usinunue kitabu kwa mtu. Kila jimbo liko na kitabu chake cha CDL, bure kabisa kwa tovuti ya ofisi yake ya leseni, na maswali hutoka humo ndani. Ni kirefu, manze, lakini si chote ni chako. Soma sura tatu za kwanza, halafu ya 5 ya breki za hewa na ya 6 ya magari ya kuunganishwa. Mabasi, matangi na kemikali hatari wachana nazo kwanza, hizo ni za baadaye. Zile programu za maswali ya majaribio ni poa kwa kujipima ukishasoma. Ukianza nazo kabla ya kitabu, utajua jibu la swali moja, wakigeuza maneno mawili umepotea.

Sasa twende kwa breki, juu hapa ndio wengi hukwama.

Gari ndogo hutumia mafuta ya breki. Trela hutumia hewa. Injini inazungusha kompresa, kompresa inajaza matangi, ukikanyaga pedali hewa inakimbia hadi kwa magurudumu na kusukuma breki. Fiti. Lakini jiulize, hewa ikiisha inakuwaje? Mwenye amekremu atasema lori linabaki bila breki, basi. Kumbe kwa magurudumu kuna springi nzito, na hiyo springi inataka kufunga breki saa zote. Kazi ya hewa ni kuizuia. Ukivuta kile kitufe cha manjano cha kupaki, hewa inatoka na springi inafunga. Paipu ikipasuka na hewa ikaisha yenyewe, springi inafunga pia, utake usitake.

Ukishaelewa hiyo moja, namba zinajipanga zenyewe kama ngazi. Juu kabisa, kompresa inaacha kujaza ikifika karibu PSI 125 na inaanza tena ikishuka karibu 100. Ikiendelea kushuka, taa na kengele zinakuambia utafute mahali usimame. Vitabu vingine vinasema lazima onyo lije kabla hewa ishuke chini ya 60, vingine vimeandika 55, kwa hivyo shika ile ya jimbo lako na usibishane na beste yako wa jimbo lingine. Ukipuuza onyo, ikifika kati ya 45 na 20 springi zinafunga zenyewe. Hapo si wewe unachagua pa kusimama, ni lori.

Maswali ya kupima uvujaji ni hivyo hivyo. Unazima injini, unaachilia breki ya kupaki, unakanyaga pedali na kuishikilia dakika moja. Gari moja lisipoteze zaidi ya PSI 3, kichwa na trela zisipoteze zaidi ya 4. Bila kukanyaga ni 2 na 3. Mbona trela inaruhusiwa zaidi? Juu iko na paipu mingi na viungo vingi. Ukiona hizo paipu kwa akili, haukosi hilo swali hata ukiamshwa saa tisa usiku.

Na hewa haina haraka kama mafuta. Inachukua kama nusu sekunde kufika kwa magurudumu. Nusu sekunde inakaa kitu kidogo mpaka upige hesabu. Ukienda maili 55 kwa saa, kama kilomita 88 hivi, kitabu kinasema macho na akili zinakula futi 142 kabla ujue kuna shida, mguu futi 61 kufika kwa pedali, hewa futi 32, halafu breki zenyewe futi 216. Jumla imepita 450, karibu mita 137. Huo ni uwanja mzima wa mpira na bado unateleza nje. Na hiyo ni barabara kavu, breki mpya, dere ako macho.

Mteremko ndio mahali Mkenya anafaa kusoma polepole. Sote tunajua Salgaa. Miaka mingi hiyo barabara imeandikwa kwa magazeti juu ya madere kuweka lori free likishuka, ati kuokoa dizeli. Na 30 Juni 2023 pale Londiani Junction lori lilipoteza mwelekeo likaingia kwa watu, 52 wakaaga. Kwa hivyo swali la mteremko si la karatasi tu. Huko Marekani kuweka free wanaita coasting, na kwa mtihani jibu lolote lenye hilo neno kama njia ya kushuka ni makosa. Unachagua gea ndogo kabla ya kuanza kushuka, si katikati, juu katikati gea inaweza kukataa kuingia na ubaki bila injini ya kukushikilia. Breki ni za kusaidia injini tu. Tuseme mwendo salama ni maili 40: unaacha ifike 40, unakanyaga kwa nguvu hadi 35, unaachilia, ikifika 40 tena unarudia. Ukikalia pedali mteremko wote breki zinachemka, na breki ikishachemka inalegea. Moshi ukiuona kwa kioo umechelewa.

Kuna swali lingine huwachezea wale wamebeba mizigo maisha yao yote. Lori tupu na lori limejaa, gani linahitaji nafasi zaidi ya kusimama? Moyo unasema limejaa. Kitabu kinasema tupu linaweza kuhitaji zaidi, juu breki, springi na tairi za lori zito zimetengenezwa kwa uzito. Likiwa tupu linarukaruka na magurudumu yanafunga kabla yashike lami. Lakini lililojaa ndilo hupinduka kirahisi: kitabu kinasema kichwa na trela iliyojaa kina uwezekano mara 10 zaidi wa kupinduka kwenye ajali kuliko kikiwa tupu.

Nafasi ya mbele unahesabu kwa sekunde: moja kwa kila futi 10 za urefu wa gari, na moja ya juu kama umepita maili 40 kwa saa. Trela ya futi 60 ikienda maili 55, hiyo ni sekunde 7. Jaribu hiyo Thika Road uone kama mathree tatu hazitaingia hapo katikati. Huko bado zitaingia, na jibu la kitabu ni kupunguza mwendo ufungue nafasi tena.

Gari ikikwama, sisi tunakata matawi ya miti. Kwa mtihani ni pembetatu tatu za kuakisi mwanga, ndani ya dakika 10. Barabara ya upande mmoja unaziweka futi 10, 100 na 200 nyuma yako. Ikiwa magari yanapishana, moja inaenda mbele futi 100.

Halafu kuna Kiingereza. Usicheke. Sisi tulifunzwa cha Uingereza na mtihani umeandikwa cha Marekani. Bonnet yetu ni hood, windscreen ni windshield, diversion ni detour, flyover ni overpass, overtaking ni passing, na tyre wanaandika tire. Swali unajua jibu lake, neno moja linakupoteza. Umbali ni futi na maili, uzito ni pauni, na magari yanakaa kulia kwa barabara. Chukua wiki nzima ufikirie kwa futi. Na hii lugha haiishii kwa kompyuta: sheria inataka dere wa lori aongee na kusoma Kiingereza cha kutosha kuelewa alama na kujibu karao, na tangu Juni 2025 ukishindwa wakikusimamisha unaweza kuondolewa barabarani hapo hapo.

Pombe nayo kipimo ni 0.04, nusu ya ile 0.08 ya dere wa kawaida kwa majimbo karibu yote. Bangi imehalalishwa kwa majimbo mengi lakini si kwa mwenye CDL. Ukipatikana nayo kwa mkojo, jina linaingia kwa daftari la kitaifa ambalo waajiri lazima waangalie. Na kwa wale wa kutafuna ndio usingizi uhepe: kathinoni ya miraa, huko iko kundi moja la sheria na heroini. Kuhusu uchovu kitabu kiko na jibu moja, kulala. Kahawa si jibu. Dirisha wazi si jibu.

Kabla utumie mtu yeyote doo, jua hii pia. CDL ya kawaida ni ya raia na mwenye makaazi ya kudumu, yaani green card. Watu wa vibali vingine walikuwa wanapata aina tofauti ya leseni, lakini tangu 2025 serikali imekaza hapo sana. Ajenti akikuambia visa ya kutembea inatosha, ati CDL utapata ukifika, huyo ni mkora na anakula fare yako ya ndege.

Siku yenyewe, nenda asubuhi ukiwa umelala vizuri, na usiku wa kuamkia usome breki pekee. Kwa majimbo mengi utaanza na maarifa ya jumla. Maswali yakiwa na "daima" na "kamwe", soma mara mbili. Ukianguka ile ya breki na upite zingine, sehemu nyingi hurudii zote tatu, unarudia hiyo moja. Siku za kungoja na ada hutofautiana jimbo kwa jimbo, kwa hivyo uliza hapo kwa dirisha kabla utoke.